Kuitwa na Kujiita: Miaka ya Shaka ya Johann Ludwig Krapf na Kazi Yake ya Lugha Mombasa

Ikisiri

Katika historia ya taaluma ya Kiswahili, Johann Ludwig Krapf (1810–1881) hutajwa zaidi kwa sarufi yake ya mwaka 1850 na kamusi yake ya mwaka 1882. Makala haya yanaanzia mbali zaidi, kwa kumwangalia kijana aliyeacha mafunzo ya umisheni huko Basel mwaka 1829 kwa sababu hakuiamini nia yake, na ambaye baadaye aliacha pia utumishi wa parokia. Makala yanajadili asili ya shaka hilo, namna alivyolisimulia uzeeni, na uhusiano wake na kazi ya lugha aliyoianza Mombasa mwaka 1844. Hoja kuu ni kwamba shaka la Krapf halikuhusu kuwapo kwa Mungu, bali lilihusu chanzo cha wito wake, na kwamba msamiati wa Kiswahili wa mambo ya nafsi, ambao kwa sehemu kubwa umelelewa na Uislamu, unalieleza shaka hilo kwa usahihi kuliko simulizi za kishujaa zilizozoeleka.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na Krapf mapema. Humkuta katika historia ya kamusi, katika mjadala wa hati za Kiarabu na za Kilatini, na katika mvutano wa Kimvita na Kiunguja. Katika mikutano yote hiyo Krapf huonekana mtu asiyeyumba, kwamba alikuja, akajifunza na kuandika. Picha hiyo imejengwa na maandishi ya kimisheni ya karne ya 19, ambayo yalihitaji mashujaa, na imerithiwa bila kuulizwa sana na wanahistoria wa lugha waliohitaji waanzilishi.

Hata hivyo, Krapf mwenyewe aliacha ushahidi unaopingana na picha hiyo. Katika kitabu chake cha safari kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858, na toleo lake la Kiingereza la mwaka 1860, alitanguliza simulizi fupi ya maisha yake. Humo anakiri kwamba kabla ya kufika Afrika alikuwa amekwisha kuukimbia wito wake mara moja. Makala haya yanalichukulia ungamo hilo kwa uzito, lakini pia kwa tahadhari, kwa kuwa ni maneno ya mtu wa miaka karibu 50 akimweleza kijana wa miaka 19.

2.0 Derendingen: Namna Wito Ulivyoundwa

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg. Familia yake ilikuwa ya wakulima. Eneo hilo lilikuwa kitovu cha Upietisti, vuguvugu la Kilutheri lililosisitiza toba ya mtu binafsi, usomaji wa Biblia nyumbani na uchunguzi wa moyo. Mpietisti hakutosheka kujua kwamba amebatizwa. Alipaswa kujua ni lini na kwa namna gani Mungu alimgusa.

Krapf anasimulia kwamba alipokuwa mvulana, jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda. Akaugua kwa miezi kadhaa, na katika ugonjwa huo akazama katika kusoma Biblia na vitabu vya ibada. Baadaye alipelekwa shule ya Kilatini huko Tübingen. Mambo mawili ya shuleni yaliacha alama. La kwanza ni ramani ya Afrika ya Mashariki, ambayo sehemu zake za ndani zilikuwa na majina machache mno, pamoja na habari za safari za James Bruce nchini Uhabeshi. La pili ni makala kuhusu kazi ya misheni ambayo mkuu wa shule aliwasomea wanafunzi.

Mambo hayo hayakuwa ya aina moja. Ramani iliamsha hamu ya kuona, ilhali makala ya misheni iliamsha hisia ya kutumwa. Katika akili ya kijana vitu hivyo viwili vilishikamana, na kushikamana huko ndiko kulikozaa tatizo lililomsumbua baadaye. Je, anayetamani kwenda mbali anaweza kujua kama ametumwa?

3.0 Basel, 1829: Shaka la Nia

Mwaka 1827, akiwa na umri wa miaka 17, Krapf alianza mafunzo katika chuo cha Misheni ya Basel, nchini Uswisi. Taasisi ya Basel ilikuwa changa, lakini ilikuwa tayari imeanza kuwapatia Waingereza wamisionari. Chama cha Church Missionary Society (CMS) cha London kilipungukiwa na watu waliokuwa tayari kwenda, na vijana wa Kijerumani na Kiswisi waliziba pengo hilo.

Ndani ya miaka miwili Krapf aliondoka. Sababu anayoitoa mwenyewe ni usomaji wake wa wanatasaufi wa Kikristo, hasa Madame Guyon wa Ufaransa na Jakob Böhme wa Ujerumani. Mafundisho ya Guyon yalimtaka muumini aiache kila shughuli itokanayo na utashi wake, atulie na amwachie Mungu atende. Kwa kijana aliyekuwa akijiandaa kwa safari, vitabu na lugha za kigeni, fundisho hilo lilikuwa kama kioo kikali. Alianza kuona kwamba bidii yake ya umisheni huenda ilikuwa matakwa yake mwenyewe yaliyovikwa vazi la utii.

Shaka hili linatofautiana na lile ambalo historia ya fikra za Ulaya hulitilia mkazo katika kipindi hichohicho. Mjini Tübingen, David Friedrich Strauss alichapisha mwaka 1835 kitabu chake juu ya maisha ya Yesu, kilichotikisa imani ya wengi kuhusu ukweli wa kihistoria wa Injili. Krapf alisoma teolojia katika chuo kikuu cha mji huohuo baada ya kuiacha Basel, lakini shaka lake halikuwa la aina ya Strauss. Hakuuliza kama Injili ni kweli. Aliuliza kama yeye alikuwa mkweli.

Shaka la namna hii lina ugumu wake. Shaka kuhusu matini laweza kujibiwa kwa hoja na ushahidi. Shaka kuhusu nia halina ushahidi wa kutosha, kwa kuwa shahidi na mshtakiwa ni mtu yuleyule. Kadiri mtu anavyojichunguza ndivyo anavyopata sababu mpya za kutojiamini, na hata unyenyekevu wake huanza kumnukia kiburi.

4.0 Wolfenhausen na Kurudi

Baada ya kumaliza masomo Tübingen, Krapf alifanywa kasisi msaidizi katika kijiji cha Wolfenhausen. Hapa ndipo anapoonekana waziwazi kama mchungaji kijana asiyejua nafasi yake. Aliwahi kuhubiri kwamba huenda dunia ilikuwa katika saa zake za mwisho. Matarajio hayo hayakuwa mageni Württemberg. Karne moja kabla, Johann Albrecht Bengel alikuwa ameyapiga mahesabu ya unabii na kuutaja mwaka 1836, na Wapietisti wengi waliukaribia mwaka huo kwa hofu na hamu. Wakubwa wa kanisa, hata hivyo, hawakupendezwa. Krapf alijiuzulu, akawa mwalimu wa nyumbani.

Kwa hiyo, kabla ya kutimiza miaka 27, alikuwa ameacha njia mbili za utumishi. Aliacha umisheni kwa kuogopa kwamba ulitoka kwake mwenyewe, na akaacha parokia kwa sababu alichoamini kuwa kimetoka kwa Mungu hakikukubaliwa na waliomweka. Mara ya kwanza aliisikiliza mno dhamiri yake dhidi ya hamu yake. Mara ya pili aliisikiliza dhidi ya wakubwa wake.

Aliyemrudisha alikuwa Peter Fjellstedt, Mswidi aliyekuwa amefahamiana naye kupitia Basel na ambaye alikuwa amekwisha kutumika ng'ambo. Krapf hasemi kwamba alisikia sauti wala kuona ndoto. Anasema kwamba rafiki alizungumza naye, akamshauri arudi. Wito uliokuwa umepotea ndani ya moyo ulirudi kwa kinywa cha mtu mwingine. Akajiunga na CMS na, baada ya nafasi kupatikana Uhabeshi, akasafiri mwaka 1837 kuelekea nchi ileile aliyoitazama katika ramani ya utotoni.

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Simulizi ya Kipietisti ina mpangilio wake, ambamo utoto wa dhambi hufuatwa na mguso wa neema, kuanguka, giza na kurudi. Shaka katika simulizi hiyo ni kituo ambacho msimuliaji anatarajiwa kukipita. Msomaji anaweza kudai kwamba Krapf aliliweka shaka lake humo kwa kufuata kanuni ya utanzu. Dai hilo lina nguvu, lakini haliwezi kufuta matukio yenyewe, kwani kuondoka Basel na kujiuzulu Wolfenhausen ni hatua zilizobadili maisha yake, si mapambo ya usimulizi. Kinachoweza kuhojiwa zaidi ni mwisho mwema, yaani dokezo kwamba baada ya Fjellstedt shaka lilikwisha.

5.0 Mombasa, 1844: Tafsiri na Kaburi

Utumishi wa Uhabeshi ulishindwa. Krapf alifukuzwa Tigray mwaka 1838. Alikaa Shoa kuanzia mwaka 1839 hadi 1842, kisha njia ya kurudi ikafungwa. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich wa Basel. Mtoto wao wa kwanza, binti, alizaliwa njiani kabla ya wakati, katika jaribio jingine la kuingia Uhabeshi, akafa. Alipewa jina la Kihabeshi lenye maana ya chozi.

Januari 1844 walifika Unguja, ambako Seyyid Said alimpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Kufikia mwezi Mei walikuwa Mombasa. Tarehe 8 Juni 1844, kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin, Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Baadaye aliihesabu siku hiyo kuwa miongoni mwa siku kuu za maisha yake.

Wiki chache baadaye homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua binti tarehe 6 Julai, akafariki tarehe 13, na mtoto akamfuata siku mbili baadaye. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf naye alikuwa mgonjwa kiasi cha kutoweza kusimama vyema. Barua aliyowaandikia wakubwa wake baada ya maziko imenukuliwa mara nyingi mno. Ndani yake kaburi lile linafanywa ishara kwamba wakati wa kuiendea Afrika kutoka mashariki umewadia.

Kwa kawaida barua hiyo husomwa kama ushindi wa imani. Kwa anayekumbuka Basel, ina sura nyingine. Mtu aliyewahi kuuacha wito kwa kuogopa kwamba ni matakwa yake sasa alikuwa amewazika mke na watoto wawili kwa sababu ya wito huohuo. Kama ulitoka kwa Mungu, vifo vile vilikuwa na maana. Kama ulikuwa hamu ya mvulana na ramani, havikuwa na maana ila hasara, na hasara hiyo ilikuwa juu yake. Nguvu ya lugha ya barua ile yaweza kueleweka kama kipimo cha ukubwa wa swali lililokuwa nyuma yake. Huu ni usomaji, si ushahidi wa moja kwa moja. Lakini ni usomaji unaoyaunganisha matukio ambayo yeye mwenyewe ameyaandika.

Jambo lisilohitaji dhana ni alichokifanya baadaye. Alirudi kwenye lugha. Sura tatu za kitabu cha Mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la American Oriental Society. Muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili ulichapishwa Tübingen mwaka 1850. Alikusanya pia miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu na kuipeleka Ujerumani, ikiwamo ya Utenzi wa Herekali, na miswada hiyo ikahifadhiwa Halle. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

6.0 Wito Mmoja, Njia Mbili

Waongofu walikuwa wachache sana. Kituo cha Rabai Mpya kilianzishwa mwaka 1846 baada ya kuwasili kwa Johannes Rebmann, na miaka ilipita kabla ya mtu wa kwanza, Mringe, mlemavu aliyekuwa karibu na kufa, kubatizwa. Kwa kipimo cha kawaida cha umisheni, Krapf hakuwa na cha kuonyesha.

Mwitikio wake ulikuwa kupanua mipango. Alitaka mlolongo wa vituo vya misheni upite katikati ya Afrika, kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Mwaka 1849 aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Mwaka 1851 alirudi huko, na mwenyeji wake, Kivoi, akauawa katika shambulio karibu na mto Tana. Krapf alitangatanga peke yake kwa siku kadhaa, kwa njaa na kiu, kabla ya kuokoka. Mwaka 1853 aliondoka Afrika ya Mashariki kwa sababu ya afya. Alirejea mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, lakini hakukaa.

Rebmann alichukua njia nyingine. Alikaa. Alihudumu pwani kwa miaka 29, hadi mwaka 1875, na akarudi nyumbani akiwa kipofu. Wawili hawa walitofautiana waziwazi. Krapf aliona kukaa mahali pamoja bila matunda kuwa ni uzito wa moyo, naye Rebmann aliona mipango ya kuvuka bara kuwa ni haraka isiyo na mizizi. Tofauti hiyo huelezwa kama ya tabia au ya mkakati. Inaweza pia kuelezwa kama tofauti ya namna ya kuishi na shaka. Mmoja alilijibu kwa kusonga mbele, mwingine kwa kutosogea.

Kinachovutia ni kwamba walikutana katika kamusi. Kazi ya Krapf ilitegemea pia makusanyo ya Rebmann, na Krapf ndiye aliyeihariri kamusi ya Kinyanja ya Rebmann iliyotoka mwaka 1877. Uorodheshaji wa maneno ulikuwa utumishi ambao wote wawili waliweza kuuendeleza bila kungoja waongofu. Neno likishakusanywa na kuelezwa, lipo. Halitegemei hali ya moyo wa aliyelikusanya.

7.0 Wito, Shaka na Wasiwasi

Historia hii inarudisha mjadala kwenye Kiswahili chenyewe. Nomino wito imeundwa kutokana na kitenzi -ita, na umbo lake linadai kuwapo kwa anayeita. Mtu huitwa. Kitenzi hichohicho kikipewa kiambishi cha kujirejelea kinabadilika maana kwa namna ya kufaa sana. Kujiita ni kujipa cheo ambacho huenda huna. Anayesemwa kwamba "anajiita mchungaji" tayari ameshukiwa. Hofu ya Krapf mwaka 1829 inaweza kuelezwa kwa jozi hii moja ya vitenzi. Aliogopa kwamba hakuitwa, bali alijiita.

Msamiati wa shaka nao unatofautisha mambo ambayo lugha nyingine huyachanganya. Shaka, lenye asili ya Kiarabu, ni kutokuwa na hakika juu ya jambo. Wasiwasi, nalo la Kiarabu, lina historia tofauti. Katika Kurani, hasa Sura An-Nas, linahusishwa na mnong'ono wa mwovu vifuani mwa watu. Katika mafundisho ya Kiislamu, wasiwasi humpata hasa mcha Mungu, yule anayerudia udhu kwa kutoamini kwamba nia yake imetimia. Dawa yake si hoja zaidi. Mwenye wasiwasi hushauriwa asiufuate na aendelee na ibada. Kando yake yamo maneno nia, nafsi na ikhlasi, yanayounda uwanja kamili wa kuujadili usafi wa makusudio.

Kwa istilahi hizi, alichokuwa nacho Krapf Basel kilikuwa wasiwasi zaidi kuliko shaka, na tiba aliyoipata kwa Fjellstedt, yaani kuacha kujipeleleza na kurudi kazini, inafanana na ile ambayo shekhe wa Mombasa angempa mwanafunzi wake. Hapo pana kinaya kisichofichika. Krapf aliuona Uislamu kuwa mpinzani, na alipigania hati za Kilatini kwa sehemu kwa sababu hakutaka Kiswahili kiendelee kushikamana na elimu ya Kiislamu. Lakini aliyeketi naye kuitafsiri Biblia alikuwa kadhi, na lugha aliyoitafsiria ilikuwa imekwisha kuyatafakari kwa karne nyingi mambo yaliyomfanya aondoke Basel.

Jambo hili lina uzito wa kihistoriografia. Simulizi ya mwanzilishi asiyeyumba humfanya Krapf kuwa mtoaji na Waswahili kuwa wapokeaji. Akiangaliwa kama kijana aliyefika akiwa na swali, uhusiano huo unabadilika. Wasemaji wa Kimvita waliomfundisha, na kadhi aliyemsahihisha, wanaonekana kuwa ndio walioifanya kazi yake iwezekane, hata pale majina yao yasipowekwa kwenye jalada. Kuutambua mchango wao hakuhitaji kuidharau kamusi. Kunahitaji tu kukumbuka kwamba ilianza kwa mtu kuuliza na mwingine kujibu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba shaka la Krapf lilikuwa shaka la nia, kwamba lilimwondoa katika utumishi mara moja na kuandaa njia ya kujiuzulu kwake kwa mara ya pili, na kwamba hakuna sababu ya kutosha ya kuamini kuwa lilikwisha alipopanda meli mwaka 1837. Vifo vya mwaka 1844 vililiongezea uzito. Kazi ya lugha haikuwa jibu la kiteolojia kwa shaka hilo, lakini ilikuwa kazi iliyoweza kufanyika katikati yake, na ndiyo iliyodumu kuliko vituo na mipango.

Watafiti wa historia ya Kiswahili wana sababu ya kuzisoma upya tawasifu za wamisionari wa karne ya 19, si kwa kuzisifu wala kuzishutumu tu, bali kwa kuuliza waandishi wake walihitaji kujithibitishia nini walipokuwa wakikusanya maneno ya wengine. Krapf alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881, kabla ya kamusi yake kutoka. Kwa hiyo hakupata kuishika mkononi kazi ambayo vizazi vilivyofuata vingeitumia kuwa uthibitisho wa wito wake.